Raoul Pictet

Raoul-Pierre Pictet (Geneva, Uswisi, 4 Aprili 1846 – Paris, Ufaransa, 27 Julai 1929) alikuwa mwanafizikia na mvumbuzi wa mitambo ya kupoza. Anajulikana hasa kama mmoja wa watu wawili wa kwanza walioweza kugeuza oksijeni kuwa kiowevu, mwezi Desemba 1877. Mwingine alikuwa Mfaransa Louis Cailletet.

Mtambo wake ulipoza kwa hatua, gesi moja ikiipoza nyingine. Baadaye alitumia mchanganyiko wa gesi mbili ulioitwa kwa jina lake, yaani kiowevu cha Pictet. Njia hizo mbili, kupoza kwa ngazi na kuchanganya gesi, zinatumika hadi leo katika friza za baridi kali za maabara na hospitali, zikiwemo zile za Afrika Mashariki. Pictet anakumbukwa pia kwa madai kadhaa ambayo vipimo vya wengine havikuyathibitisha.

Maisha ya awali

Pictet alizaliwa katika ukoo mashuhuri wa Geneva uliotoa wataalamu wengi wa sayansi. Mmoja wao, Marc-Auguste Pictet (1752–1825), alikuwa mwanafizikia aliyechunguza jinsi joto na baridi vinavyoakisiwa na vioo vya chuma. Mwingine, Amé Pictet (1857–1937), alikuwa mwanakemia.

Raoul alisoma fizikia na kemia mjini Geneva, kisha Paris kati ya miaka 1868 na 1870. Tangu ujana alivutiwa na swali la vitendo: namna ya kutengeneza barafu kwa mashine kwa gharama nafuu. Wakati huo barafu nyingi iliyouzwa Ulaya ilikatwa kwenye maziwa na mito wakati wa majira ya baridi, kisha ikahifadhiwa ghalani.

Mashine ya barafu

Mashine za kupoza hutumia tabia moja ya viowevu: kiowevu kinapochemka hunyonya joto kutoka vitu vilivyo karibu nacho. Shinikizo likipungua, kiowevu huchemka katika halijoto ya chini zaidi. Jambo hili linajulikana kwa wapishi wa nyanda za juu. Mjini Mbeya, kwenye kimo cha mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka takriban kwenye 94 °C badala ya 100 °C, na ndiyo maana maharage huchukua muda mrefu kuiva kuliko Dar es Salaam.

Mashine ya kupoza hufanya vivyo hivyo kwa makusudi. Pampu hunyonya mvuke ili kiowevu kichemke kwa baridi. Kisha kompresa huusukuma mvuke huo kwa nguvu, nao hurudi kuwa kiowevu huku ukitoa joto lake nje.

Katikati ya miaka ya 1870 Pictet alibuni mashine iliyotumia dioksidi ya sulfuri. Gesi hiyo huchemka kwenye −10 °C katika shinikizo la kawaida la hewa. Ilikuwa na faida mbili: haikuhitaji shinikizo kubwa, kwa hiyo mabomba hayakuwa katika hatari ya kupasuka, na kiowevu chake chenyewe kililainisha pistoni bila mafuta. Ubaya wake ni harufu kali inayochoma koo, tena ikikutana na unyevu hufanya asidi inayokula chuma. Hata hivyo dioksidi ya sulfuri iliendelea kutumika kwa muda mrefu. Bado ilikuwemo katika friji za nyumbani za Marekani katika miaka ya 1920.

Tatizo la gesi za kudumu

Mwaka 1823 Mwingereza Michael Faraday aligeuza klorini kuwa kiowevu, na katika miaka iliyofuata gesi nyingine nyingi zilishindwa vilevile kwa shinikizo na baridi. Lakini hadi mwaka 1845 gesi sita zilikuwa zimekataa: oksijeni, nitrojeni, hidrojeni, monoksidi ya kaboni, monoksidi ya nitrojeni na methani. Ziliitwa gesi za kudumu, na wengine waliamini kwamba haziwezi kuwa kiowevu kamwe.

Ufunguo ulipatikana mwaka 1869, pale Thomas Andrews wa Belfast alipoonyesha kwamba kila gesi ina halijoto yake ya ukomo. Juu ya halijoto hiyo hakuna shinikizo, hata liwe kubwa namna gani, linaloweza kuigeuza kuwa kiowevu. Kwa dioksidi ya kaboni (hewa ukaa) ukomo huo ni 31 °C. Kwa oksijeni, kama ilivyopimwa baadaye, ni karibu −119 °C. Kwa hiyo kilichokosekana hakikuwa nguvu ya kukandamiza bali baridi ya kutosha.

Ngazi ya baridi, Desemba 1877

Hakuna gesi moja iliyoweza kumfikisha Pictet kutoka joto la chumba hadi huko. Gesi inayogeuka kiowevu kwa urahisi katika joto la kawaida, kama dioksidi ya sulfuri, huhitaji kunyonywa sana ili ishuke chini ya −60 °C, na hapo mvuke wake huwa mwembamba mno hata pampu hazipati kitu cha kusukuma. Gesi inayochemka chini zaidi nayo haikubali kuwa kiowevu mpaka ipozwe kwanza.

Jibu lake lilikuwa kugawa safari. Lori linaloshuka Mlima Kitonga kutoka Iringa kuelekea Morogoro haliteremki moja kwa moja, bali hufuata kona moja baada ya nyingine. Mtambo wa Pictet, uliotengenezwa katika karakana ya kampuni ya ala za fizikia ya Geneva na kuendeshwa kwa injini ya mvuke, ulishuka kwa namna hiyo:

1. Katika mzunguko wa kwanza dioksidi ya sulfuri ilichemshwa chini ya pampu za kunyonya. Kwa hesabu ya Pictet ilifika karibu −65 °C.
2. Baridi hiyo iligeuza dioksidi ya kaboni ya mzunguko wa pili kuwa kiowevu. Hii nayo ilinyonywa kwa pampu nyingine, ikashuka hadi kile alichokadiria kuwa −140 °C.
3. Ndani ya baridi hiyo ulipita mrija mnene uliojaa oksijeni. Oksijeni ilitoka katika chombo cha chuma ambamo klorati ya potasiamu ilikuwa inapashwa moto, na kwa kuwa haikuwa na pa kutokea, ilijikandamiza yenyewe.

Tarehe 22 Desemba 1877 shinikizo la oksijeni lilifika angahewa 320. Valvu ilipofunguliwa, ilichupa nje kama mchirizi wa kiowevu. Jioni ile Pictet alituma simu ya maandishi kwa Chuo cha Sayansi cha Ufaransa mjini Paris kutangaza matokeo.

Mpangilio huu wa mizunguko miwili au zaidi, ambamo sehemu ya baridi ya mzunguko wa juu ndiyo sehemu ya kutolea joto ya mzunguko wa chini, leo huitwa mtambo wa kaskedi.

Swali la nani alitangulia

Simu ya Pictet ilisomwa mbele ya Chuo cha Sayansi tarehe 24 Desemba 1877. Katika kikao kilekile ilifunguliwa taarifa ya Cailletet, mwenye kiwanda cha chuma huko Châtillon-sur-Seine. Cailletet alikuwa amekandamiza oksijeni hadi karibu angahewa 300, akaipoza kwa dioksidi ya sulfuri hadi karibu −29 °C, kisha akaiachia ghafla. Gesi inayopanuka ghafla hupoa sana, na ndani ya mrija wake wa kioo lilionekana wingu la matone. Alikuwa ameandika habari hiyo mwanzoni mwa Desemba, na barua yake ilihifadhiwa ikiwa imefungwa kwa lakiri. Kwa tarehe, basi, Cailletet alitangulia kwa wiki tatu hivi.

Njia zao hazikufanana na hakuna aliyemwiga mwenzake. Mwaka 1878 Royal Society ya London iliwapa wote wawili Medali ya Davy kwa pamoja.

Hata hivyo hakuna kati yao aliyeweza kuweka oksijeni ya kiowevu ikatulia ndani ya chombo. Jambo hilo lilifanywa mwezi Aprili 1883 na Zygmunt Wróblewski na Karol Olszewski mjini Kraków, waliotumia ethilini iliyonyonywa kwa pampu. Wao walipata kiowevu cha kutosha kupimwa, na oksijeni ikajulikana kuchemka kwenye −183 °C.

Vipimo vya baadaye vilionyesha pia kwamba takwimu za Pictet hazikuwa sahihi. Dioksidi ya kaboni huganda kwenye −56.6 °C na haiwezi kuwa kiowevu tulivu kwenye −65 °C. Ama vipimajoto vyake vilikosea, ama sehemu ya gesi ilikuwa imeganda ndani ya mabomba bila yeye kujua.

Dai la hidrojeni

Mwezi Januari 1878 Pictet alitangaza kwamba kwa mtambo uleule amegeuza hata hidrojeni kuwa kiowevu. Alieleza kuona mchirizi wenye rangi ya samawati kama ya chuma cha pua na kusikia sauti kama ya chembe ngumu zikianguka sakafuni. Habari hiyo ilienea haraka na kuingia katika vitabu vya shule.

Dai hilo halikusimama. Halijoto ya ukomo ya hidrojeni ni karibu −240 °C, mbali sana chini ya uwezo wa mtambo wake. Mskoti James Dewar ndiye aliyepata hidrojeni ya kiowevu mwaka 1898 mjini London, nayo ilionekana kuwa angavu isiyo na rangi. Kosa hilo lilipunguza imani ya wanasayansi wengi kwa Pictet, hata katika mambo aliyokuwa sahihi.

Berlin na kiowevu cha Pictet

Mwaka 1879 Pictet aliteuliwa kuwa profesa wa fizikia ya viwanda katika Chuo Kikuu cha Geneva. Mwaka 1886 alihamia Berlin, ambako aliendesha taasisi ya utafiti yenye jina lake na kujaribu kugeuza hataza zake kuwa biashara.

Katika kipindi hiki aliendeleza mchanganyiko wa dioksidi ya sulfuri na dioksidi ya kaboni, uliokuwa na sehemu kubwa ya ile ya kwanza. Sababu yake ilikuwa ya kivitendo. Dioksidi ya kaboni pekee huhitaji shinikizo kubwa sana katika joto la kawaida na huganda mapema. Dioksidi ya sulfuri pekee huhitaji kunyonywa kupita kiasi ili kufikia baridi kali. Zikichanganywa, ile nyepesi huongeza mvuke ambao pampu inaweza kuushika katika baridi, na ile nzito huzuia shinikizo kupanda mno na huifanya nyepesi iendelee kuwa kiowevu.

Huko Berlin kiowevu cha Pictet kilikuwa hatua ya kwanza ya ngazi mpya, na hatua ya pili ilikuwa oksidi ya naitrasi. Kwa ngazi hiyo alifanya kazi za aina nyingi:

* Alisafisha klorofomu ya kulazia wagonjwa usingizi kwa kuigandisha, ili uchafu ubaki katika kiowevu. Bidhaa hiyo iliuzwa kwa jina la klorofomu ya Pictet.
* Alichunguza athari za baridi kali kwa viumbe. Mwaka 1893 alichapisha matokeo kuhusu mbegu, vijidudu, konokono, vyura na samaki, akieleza kwamba mbegu na vijidudu vingi huendelea kuishi baada ya kugandishwa.
* Alipendekeza kutibu magonjwa kwa baridi. Alikaa mwenyewe ndani ya kisima cha baridi akiwa amevaa manyoya mazito, akadai kwamba ugonjwa wake wa tumbo ulipona. Madaktari hawakuifuata njia hiyo.

Hapa pia alivuka mpaka wa ushahidi. Alidai kwamba shinikizo la mchanganyiko wake halifuati kanuni za kawaida na kwamba mashine yake ingefanya kazi kwa nguvu ndogo kuliko inavyoruhusiwa na kanuni ya pili ya themodinamiki. Wanafizikia hawakukubali. Mchanganyiko wake ulikuwa wenye manufaa, lakini haukuwa wa ajabu.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1895 Mjerumani Carl von Linde alianza kutengeneza hewa ya kiowevu kwa njia nyepesi zaidi, ambamo hewa hujipoza yenyewe kwa kupanuka tena na tena. Biashara kubwa ya oksijeni ya viwandani ikafuata njia za Linde. Pictet aliendelea kuandikisha hataza za kutenganisha gesi za hewa, lakini hakupata nafasi kama ile ya washindani wake. Alifariki mjini Paris tarehe 27 Julai 1929, akiwa na umri wa miaka 83.

Urithi

Ngazi ya Pictet haikufa. Mholanzi Heike Kamerlingh Onnes alijenga mjini Leiden kaskedi kubwa ya kloridi ya methili, ethilini na oksijeni. Maabara hiyo ndiyo iliyogeuza heli kuwa kiowevu tarehe 10 Julai 1908.

Friza za kisasa za −80 °C kwa kawaida zina mizunguko miwili, kila mmoja na kompresa yake. Gesi za mzunguko wa chini zimebadilika mara kadhaa:

* R-503 ulikuwa mchanganyiko wa R-23 na R-13. Uliachwa kwa sababu R-13 huharibu tabaka la ozoni na ilizuiwa chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987.
* R-508B ni mchanganyiko wa R-23 na R-116. Huchemka karibu −87 °C na hauharibu ozoni, lakini kilo moja yake huongeza joto duniani zaidi ya mara 10,000 kuliko kilo moja ya hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 100.
* Ethani (R-170), inayochemka kwenye −89 °C, hutumika sasa katika friza nyingi mpya pamoja na propani katika mzunguko wa juu. Zote mbili hushika moto, kwa hiyo kiasi chake ndani ya friza huwa kidogo.
* R-469A ni mchanganyiko wa dioksidi ya kaboni na gesi za R-32 na R-125, uliotengenezwa kwa vyumba vya majaribio vya karibu −70 °C. Hapa dioksidi ya kaboni imerudi ndani ya mchanganyiko unaoizuia isigande, kama alivyokusudia Pictet.

Mabadiliko haya yanasukumwa pia na Marekebisho ya Kigali, yaliyopitishwa katika mji mkuu wa Rwanda tarehe 15 Oktoba 2016 ili kupunguza gesi za aina ya HFC.

Mchanganyiko una sharti lake kwa fundi. Baadhi, kama R-508B, huchemka kama kitu kimoja. Mingine hutengana wakati wa kuvuja, gesi nyepesi ikitangulia kutoka. Friza yenye mchanganyiko wa namna hiyo haifai kuongezewa gesi juu ya ile iliyobaki: hutolewa yote, mvujo huzibwa, na gesi mpya hutiwa ikiwa kiowevu kwa uzito ulioandikwa kwenye kibao cha mashine.

Katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania

Gesi ya pili ya Pictet hutoka ardhini mkoani Mbeya. Katika eneo la volkeno la Kyejo, wilayani Rungwe, dioksidi ya kaboni asilia hupanda kutoka chini, na kampuni ya TOL Gases huivuna, kuisafisha na kuigeuza kuwa kiowevu. Matumizi yake makubwa ni vinywaji kama soda na bia.

Mjini Mbeya kipo Kituo cha Utafiti wa Tiba cha NIMR, kilichoshiriki katika utafiti wa chanjo za UKIMWI. Utafiti wa aina hiyo hutegemea sampuli za damu zinazotunzwa kwa miaka katika baridi kali. Kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Rungwe, Njombe na Iringa, baridi hufika ikiwa nitrojeni ya kiowevu ya −196 °C ndani ya mitungi inayobeba mbegu za madume kwa ajili ya uhimilishaji. Nitrojeni ilikuwa mojawapo ya gesi zile sita zilizodhaniwa kuwa za kudumu.

Iringa nayo ina nafasi katika historia ya sayansi ya baridi. Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba mkoani Tanga mwaka 1963 alipoona mchanganyiko wa moto wa aiskrimu ukiganda kabla ya ule uliopoa, akachekwa kwa kusema hivyo. Baadaye, katika shule ya Mkwawa mjini Iringa, alimuuliza swali hilo Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kutoa mhadhara. Osborne hakulikataa wala kulikubali, bali alilipeleka maabara, na mwaka 1969 walichapisha makala pamoja. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu jambo hilo kwa njia ileile, yaani kwa kupima. Kipimo hichohicho ndicho kilichothibitisha ngazi ya Pictet na kukataa hidrojeni yake.

Tazama pia

* Louis Cailletet
* Carl von Linde
* Heike Kamerlingh Onnes
* Erasto Mpemba
* Dioksidi ya kaboni
* Marekebisho ya Kigali